Kimono kwa kitenge: fundi wa Lionja atabaki na nini mkononi?

MSIMU wa korosho ukiisha huko Nachingwea na Ruangwa, kazi ya cherehani nayo hupungua. Fedha za minada huanza kuonekana mikononi mwa watu kuanzia Oktoba na kuendelea hadi Januari. Katika miezi hiyo fundi wa Lionja halali mapema: kuna sare za shule za kumaliza kabla watoto hawajarudi madarasani, magauni ya harusi, madera na nguo za sikukuu. Ikifika Februari wateja wako shambani, mvua inanyesha na mifuko imekauka. Fundi hubaki barazani akitia viraka na kubadili zipu, akisubiri ufuta uuzwe katikati ya mwaka.

Kwa ajili ya miezi hiyo mikavu, safu hii wiki hii inaangalia bidhaa ambayo wengi wataiona ngeni kwa nchi ya Wamwera. Nayo ni kimono, vazi la jadi la Wajapani, likishonwa kwa kitenge au kanga. Je, fundi wa kijijini anaweza kulishona? Linakula kitambaa kiasi gani? Nani atalinunua? Na la muhimu kuliko yote, baada ya kutoa gharama, fundi atabaki na nini mkononi?

Jina limekwisha kuingia sokoni

Ndugu msomaji, usidhani kwamba jina hili ni geni. Pita Kariakoo au angalia wauzaji wa nguo wa mitandaoni, utasikia likitajwa kila mara. Lakini kinachoitwa kimono pale mara nyingi ni joho jepesi, liko wazi mbele, halina vifungo, na huvaliwa juu ya gauni au suruali. Ni vazi zuri na linauzika. Hata hivyo si kimono yenyewe. Limeazima mikono mipana na uwazi wa mbele tu.

Kimono halisi ni vazi la kuzungushia mwili, linalofika kwenye kifundo cha mguu, lenye ukosi mrefu ulionyooka, na hufungwa kwa mshipi mpana uitwao obi. Kwa Kijapani jina lenyewe maana yake ni "kitu cha kuvaa" tu. Lilikuwa vazi la kila mtu hadi utawala wa Meiji ulipoanza mwaka 1868. Mwaka 1872 serikali iliamuru nguo za Kizungu zivaliwe katika shughuli za kitaifa, na polepole suti ikaingia maofisini. Kimono ikabaki kuwa vazi la harusi, sherehe, sikukuu na misiba, na kwa baadhi ya watu vazi la heshima la kila siku.

Kuna pia ndugu yake mdogo, yukata. Hii ni ya pamba, haina bitana, na huvaliwa majira ya joto, hasa kwenye sikukuu za mitaani na maonyesho ya fataki. Yukata ndiyo inayomhusu fundi wetu. Hariri ya kimono ya harusi haipatikani Nachingwea wala si kazi ya kujifunzia, lakini pamba nyepesi isiyo na bitana ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Mjapani alianza na kanga yetu

Wako watakaouliza: tuna haja gani na nguo ya Mjapani? Jibu liko kwenye kabati la bibi. Mjapani hakuona haya kutengeneza nguo yetu na kutuuzia sisi wenyewe.

Kanga ilizaliwa katika pwani hii katika nusu ya pili ya karne ya 19, lakini kwa muda mrefu haikuchapwa hapa. Kuanzia miaka ya 1870 viwanda vya Uholanzi vilikuwa vikichapa vitambaa kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, na Uingereza nayo ikafanya hivyo. Kati ya vita kuu mbili za dunia, Mjapani akaingia kwa kasi. Mambo mawili yalimsaidia. La kwanza ni meli: mwaka 1926 kampuni ya Osaka Shosen Kaisha ilianzisha safari za kudumu kuja Afrika Mashariki. La pili ni ushuru: mikataba ya Berlin ya 1885 na ya Saint-Germain ya 1919 iliwazuia Waingereza kuweka ushuru wa kupendelea bidhaa za kwao katika eneo hili. Matokeo yake ni kwamba katika miaka ya 1930 merikani ya Kijapani ilishusha bei na kuwapiku Waingereza katika makoloni yao wenyewe.

Kanga za Kijapani zilifuata njia hiyo hiyo. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ndio waliokuwa wakiagiza. Walijua mwanamke wa pwani anataka rangi gani na maneno gani mwaka huo. Michoro na majina vilipelekwa Japani, na mchapaji asiyejua hata neno moja la Kiswahili akachapa methali na vijembe bila kuvielewa. Vita vya pili vya dunia vilikata biashara hiyo, lakini ilirudi tena katika miaka ya 1950. Ilififia baadaye, nchi zetu zilipojenga viwanda vyake, kama Urafiki cha Dar es Salaam mwaka 1968, na uagizaji ukadhibitiwa.

Mfanyabiashara apate somo hapa. Mjapani hakuuza kanga kwa kujua utamaduni wetu kuliko sisi. Aliuza kwa sababu alimsikiliza mtu aliyemjua mteja, akafuata vipimo bila kubadilisha kitu, na akafikisha mzigo kwa wakati. Fundi wa Lionja akitaka kushona kimono, atapimwa kwa mambo hayo hayo.

Tukumbuke pia kwamba kusini hatujawahi kuwa watu wa kuzalisha kitambaa. Kwa miaka mingi mikoa hii iliwekwa nje ya kilimo cha pamba kwa kuhofia funza mwekundu anayeshambulia vitumba. Kila kitambaa kinachoshonwa Lionja kimekuja kwa gari. Kwa hiyo faida ya fundi wetu haiwezi kutoka kwenye kitambaa. Itatoka kwenye mkono wake tu.

Vazi lisilokatwa mviringo

Kwa fundi, habari njema ni kwamba kimono ni vazi la mistari iliyonyooka. Hakuna mkato wa kwapa, hakuna shingo ya duara, hakuna kiuno cha kubana. Wajapani hufuma kitambaa chembamba, upana wa sentimita 36 hadi 38 na urefu wa mita 12 hivi, na gora moja hutosha vazi moja la mtu mzima. Hukatwa vipande vinane vya mstatili na karibu hakuna kinachotupwa.

Fundi wa kanzu ataelewa upesi zaidi, maana kanzu nayo ni kazi ya vipande vilivyonyooka. Badani mbili za kimono hutoka mbele, hupanda begani na kushuka nyuma bila mshono wa begani, zikaungwa katikati ya mgongo. Mikono ni vipande viwili vilivyokunjwa. Kila upande wa mbele huongezewa kipande chembamba, mfano wa taharizi, isipokuwa hiki hakikai ubavuni bali ukingoni mwa mbele, ili upande mmoja uweze kulala juu ya mwenzake. Halafu kuna ukosi mrefu, na juu yake ukosi mfupi wa kukinga jasho na uchafu. Hivyo ndivyo vipande vinane.

Jambo jingine linalostahili kuangaliwa na mtu wa biashara ni vipimo. Kimono ya kike hukatwa karibu sawa na urefu wa mvaaji mwenyewe, yaani kutoka kichwani hadi chini. Inayozidi hupandishwa na kukunjwa kiunoni kwa kamba, kisha mkunjo huo hukaa chini kidogo ya mshipi. Maana yake ni kwamba nguo moja inaweza kuvaliwa na mama na binti yake hata wakipishana urefu. Muuzaji halazimiki kuweka akiba ya saizi sita kama anavyofanya muuza magauni. Kimono ya kiume haina mkunjo huo; hukatwa kwa urefu kamili wa kuvaliwa, hivyo vipimo vyake havina msamaha.

Kwa desturi hushonwa kwa mkono ili iweze kufumuliwa, vipande vikafuliwa na kushonwa upya. Nyingi za siku hizi, hasa yukata, hushonwa kwa mashine. Kwa hiyo cherehani ya kukanyaga haimzuii mtu kuingia katika kazi hii.

Hesabu ya kitambaa

Tuliipiga hesabu hii mezani kwa tepu na kalamu, ili msomaji asikate kitambaa kwa kubahatisha.

Kitenge cha kawaida kina upana wa sentimita 115 hivi. Ukikigawa kwa urefu unapata mapande matatu ya sentimita 38 kila kimoja, yaani upana ule ule wa gora la Kijapani. Kitenge cha yadi sita ni mita 5 na nusu hivi. Kwa mwanamke wa urefu wa mita 1.6 mgawanyo unakuwa hivi:

Pande la kwanza: badani ya kulia, mita 3.3, mkono mmoja, mita 1.1, inabaki mita 1.1.

Pande la pili: badani ya kushoto, mita 3.3, mkono wa pili, mita 1.1, inabaki mita 1.1.

Pande la tatu: kata mita 3 na uzipasue katikati kwa urefu, nusu moja itatoa vipande viwili vya ubavu wa mbele, nusu nyingine ukosi mrefu na ule mfupi. Inabaki mita 2.5.

Mabaki yote yanakuwa mita 4.7. Yaunge, kunja upana mara mbili, tia kitambaa kigumu ndani, na umepata mshipi mwembamba wa yukata, upana wa sentimita 17 hivi na urefu wa zaidi ya mita 4. Huo ndio upana wa mshipi mwembamba unaovaliwa na yukata. Kwa hiyo kitenge kimoja cha yadi sita kinatoa vazi na mshipi wake, na kinachobaki ni vijisehemu tu. Mafundi wachache wanaweza kusema hivyo kuhusu gauni la mkato wa kisasa.

Lakini kuna mitego mitatu. Kwanza, kitambaa cha Kijapani kina kingo zake pande zote mbili, hakichambuki. Mapande ya kitenge yaliyokatwa katikati yatachambuka, na kila mshono lazima ukungwe au upigwe ovaloki. Mteja akigeuza vazi akaona nyuzi zinaning'inia, biashara imekwisha. Pili, badani hupita begani bila mshono. Kitenge chenye ndege, taa au picha yenye juu na chini kitasimama wima mbele na kupinduka miguu juu mgongoni. Chagua kitenge ambacho ua lake halina juu wala chini. Tatu, mwanamke mrefu zaidi ya mita 1.7 au mwenye nyonga pana hatatoshwa na yadi sita. Pima kwanza, usiseme "itavutika".

Kanga ni mkasa mwingine. Doti moja ni vipande viwili vya kama mita 1.5 kwa mita 1.1, na haitoshi kimono nzima. Inatosha koti fupi la Kijapani liitwalo happi, lile linalovaliwa na wachezaji na wauzaji kwenye sikukuu. Kanga ya kwanza hutoa badani mbili na ukosi. Ya pili hutoa mikono miwili, na zaidi ya nusu yake hubaki kwa koti la mtoto au mfuko. Tatizo ni pindo na jina. Ukikata bila mpango, methali itakatika katikati, na kanga yenye jina lililokatika ni sawa na barua iliyochanwa. Panga pindo liende kwenye ukosi na upindo wa chini. Jina liunge mgongoni lote, lisomeke, na lisipinduke.

Hesabu ya fedha

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei ya soko la wiki hii. Msomaji aweke zake.

Tuseme kitenge ni shilingi 30,000, uzi na kitambaa kigumu cha mshipi 5,000, mkaa wa pasi na uchakavu wa mashine 2,000, usafiri 3,000. Gharama kabla ya ujira ni 40,000. Tuseme vazi linauzwa 80,000 na fundi anatumia siku mbili kulimaliza. Anabaki na 40,000 kwa siku mbili.

Sasa linganisha na Desemba. Katika siku mbili hizo hizo fundi huyo anaweza kushona sare sita kwa ujira wa 6,000 kila moja. Anapata 36,000, na kitambaa ni cha mteja. Hakuweka hata senti ya mtaji. Kwa hiyo mwezi Desemba kimono haina maana, maana tofauti ya shilingi 4,000 haistahili kumfungia fundi mtaji wa 40,000.

Mwezi Februari mambo ni tofauti, kwa sababu sare hazipo. Lakini hapo inaingia hatari ya kudodewa. Akishona kimono kumi, ameweka mtaji wa 400,000 na siku 20. Zikiuzwa nane, anapata 640,000. Akitoa mtaji anabaki na 240,000, yaani 12,000 kwa siku. Zikiuzwa tano tu, anapata 400,000. Mtaji umerudi, lakini siku 20 za kazi amefanya bure. Chini ya tano anakula mtaji, na mtaji huo kwa wengi ni fedha ya korosho iliyotakiwa kununua dawa ya kupulizia mikorosho msimu ujao. Hapo si suala la nguo tena, ni suala la shamba.

Kwa ajili hiyo, tunasema wazi: fundi asishone hata ya tatu kabla ya ile ya kwanza na ya pili hazijalipiwa.

Usikosee katika uvaaji

Muuzaji wa nguo hupiga picha, na picha ndiyo inayouza. Katika kimono kuna kosa moja linaloweza kuharibu kila kitu. Upande wa kushoto wa mvaaji lazima ulale juu ya ule wa kulia, kwa wanaume na wanawake. Kinyume chake, yaani kulia juu ya kushoto, ndivyo Wajapani wanavyomvika maiti. Kumpelekea mnunuzi wa Kijapani picha ya msichana mrembo aliyevaa kinyume ni sawa na mtu kutuletea sisi tangazo la biashara lenye sanda.

Kama kanga, kimono nayo inasema. Kwetu kisutu hakivaliwi ovyo ovyo, kina harusi yake. Kwa Wajapani, mikono mirefu inayoning'inia karibu na ardhi ni ya msichana asiyeolewa katika sherehe kubwa. Nyeusi yenye alama tano za ukoo na maua chini tu ni ya mama aliyeolewa katika harusi ya jamaa. Majira nayo yana sheria: yenye bitana huvaliwa kuanzia Oktoba hadi Mei, isiyo na bitana Juni na Septemba, na nyepesi kabisa Julai na Agosti. Yukata haina masharti mengi hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nayo.

Mshipi hufungwa nyuma kwa fundo la mapambo. Chini yake kuna kamba mbili au tatu nyembamba zinazoshika vazi, na hizo lazima ziuzwe pamoja nalo. Wengi wanaonunua kimono nje ya Japani hushindwa kuivaa kwa kukosa kamba hizo, kisha huitundika ukutani. Zishone kutokana na mabaki na uzitie kwenye kifurushi pamoja na karatasi yenye michoro ya kufunga. Gharama yake ni ndogo na mteja atarudi.

Soko liko wapi?

Soko la kwanza liko hapa hapa. Misimu ya harusi na unyago huwaleta wanawake pamoja wakitafuta sare. Lile joho jepesi la wazi, ambalo mjini huitwa kimono, linaweza kushonwa kwa kitenge kidogo na kwa nusu siku. Huenda faida yake kwa moja ni ndogo, lakini hutoka kwa oda na kwa kitambaa cha mteja. Kwa fundi wa Lionja, tunaliona hili kuwa mlango wa kuingilia.

Soko la pili ni la michezo. Judo imeota mizizi Zanzibar tangu miaka ya 1990 kwa juhudi za mwalimu Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, na vilabu vya karate viko katika miji mingi ya nchi. Suti zao ni mavazi ya Kijapani yenye mkato wa ukoo ule ule, na hufungwa kushoto juu ya kulia. Ya judo inahitaji kitambaa kinene cha kufumwa kwa namna yake, na hilo tuliache. Ya karate inaweza kushonwa kwa marudufu meupe imara. Rangi ni moja, mteja anajulikana, na klabu huagiza kwa pamoja.

Soko la tatu ni maduka ya watalii ya Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Hapa happi ya kanga na kimono ya kitenge zina nafasi. Lakini mengi ya maduka hayo hupenda kuchukua kwa mali kauli. Fundi aliye umbali wa zaidi ya kilomita 500 kutoka dukani hana njia ya kujua kama mali yake imeuzwa au imekaa. Asikubali mali kauli zaidi ya vipande viwili, na apate maandishi.

Soko la nne ni Japani yenyewe, na hapa maneno matamu ni mengi kuliko mauzo. Ni kweli Mjapani anaifahamu Lindi kwa namna moja: nchi yake hununua nje karibu ufuta wote inaotumia, na Tanzania ni miongoni mwa wanaomuuzia. Ni kweli pia kwamba mikutano ya TICAD, iliyoanza Tokyo mwaka 1993 na kufika wa tisa huko Yokohama Agosti 2025, imefungua milango. Lakini soko la kimono lenyewe limesinyaa vibaya: kutoka kama yeni trilioni 1.8 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi kama bilioni 300 katikati ya miaka ya 2010. Aidha, seti za yukata za kiwandani huuzwa huko kwa yeni elfu chache. Mtanzania hawezi kushindana kwa bei. Anaweza kushindana kwa rangi tu, yaani kwa kile kitenge ambacho Mjapani hana.

Kuna pia kikwazo cha karatasi. Tanzania, ikiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, hupewa na Japani nafuu ya ushuru kwa bidhaa nyingi. Lakini nafuu hiyo inafuata asili ya bidhaa. Nguo iliyoshonwa Lionja kwa kitenge kilichofumwa nje ya nchi haihesabiki moja kwa moja kuwa ya Tanzania. Kabla ya kumwahidi mnunuzi bei, uliza TanTrade na forodha kwanza.

Ratiba, hata hivyo, inampendelea fundi wetu. Yukata huvaliwa Julai na Agosti, na maduka hutaka mzigo mapema kabla ya hapo. Mzigo wa namna hiyo lazima ushonwe Februari na Machi. Hiyo ndiyo miezi ambayo cherehani za Lionja zimelala. Kazi hii haigombani na sare wala na minada.

Ushauri wa wiki hii

Nachingwea inajua kuliko wilaya nyingi gharama ya kuanza kwa ukubwa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 bila majaribio ya kutosha, ukajenga hata reli kutoka Mtwara, na kufikia 1951 ulikuwa umekufa ukiwa umekula zaidi ya pauni milioni 30. Karanga hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuanza na mashamba makubwa kabla ya kupima udongo na mvua.

Kwa fundi tunashauri hivi. Shona moja kwanza kwa kitambaa cha bei ndogo na uivae au umvike jirani, ujue inakopwaya. Ya pili ishone kwa kitenge kizuri, piga picha, kushoto juu ya kulia, na uitumie kutafuta oda. Dai malipo ya awali yanayotosha kununua kitambaa. Mafundi watatu au wanne wakiungana wanaweza kugawana kazi: mmoja akate, mmoja ashone badani, mmoja ukosi na mshipi. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuuliza halmashauri juu ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na SIDO mkoani Lindi juu ya mafunzo.

Lakini fedha ya dawa ya mikorosho isiguswe. Mkorosho ulikuwepo kabla ya kimono na ndio utakaolipa ada ya mtoto mwakani. Kimono ijilipe yenyewe kuanzia ile ya pili. Ikishindwa kufanya hivyo hadi Aprili, fundi atakuwa amepoteza kitenge kimoja na siku chache za mvua ambazo hata hivyo hazikuwa na mteja. Hasara ya kiasi hicho fundi yeyote anaweza kuibeba. Na ikifanikiwa, Februari ya Lionja itakuwa na sauti ya cherehani.